Ukiwa na dipresheni, uzime data ama ubaki onlaini? Nimeishi pande zote mbili

Hili swali huletwa usiku, tena usiku wa manane, na huletwa kwa WhatsApp, jambo ambalo lenyewe ni kichekesho: "Dada, nimechoka na kila kitu, nataka nizime data mwezi mzima labda ntapona, waonaje?" Tangu niseme wazi kwamba nilipata dipresheni, nikatibiwa, nikarudi kwenye karai langu la kaimati, nimekuwa mshauri wa mtaa bila kusomea. Mie si daktari, mie napika naposti nauza, hapa Mombasa tuktuk yapeleka Tudor na Bamburi, na wa Likoni wanavuka feri wenyewe kuja kuchukua. Ila nimeishi kuzima na nimeishi kubaki, na kabla yangu nilimuona mjomba akiugua ugonjwa huuhuu enzi ambazo simu ilikuwa ya mezani, nyumba moja kwa mtaa mzima, kwa hivyo cha kulinganisha ninacho.

Basi wacha niweke pande mbili hapa. Sitakwambia zimelingana, maana hazijalingana, na mwenye duka na mwanafunzi wa chuo na mama aliyejifungua juzi hawawezi kuandikiwa dawa moja.

Mjomba na baraza

Ilikuwa miaka ya tisini, Kibokoni. Mjomba kazi ilimwishia, akaacha kwenda msikitini, akaacha tambuu yake, akawa kutwa kalala kaangalia ukuta. Nyumbani kila mtu na jina lake. Nyanya alisema ana mawazo tu, yatamtoka. Mama mdogo akasema ana mtu kichwani, yaani jini. Jirani akasema ni hasadi, si unajua alivyokuwa akivaa vizuri. Akasomewa, akanyweshwa kombe, ile sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani halafu ikaoshwa kwa marashi, na mie ndiye niliyekuwa nikipeleka kikombe chumbani na kukirudisha vilevile kimejaa. Hospitali haikutajwa. Hospitali ilimaanisha Mathari, kule Nairobi, iliyofunguliwa na Waingereza mwaka 1910 iwe nyumba ya kufungia wendawazimu, na miaka themanini na kitu baadaye jina lilikuwa bado lanuka vilevile. Ukoo ukisemwa una mtu Mathari, wenye kuposa walipita mlango wa mbali.

Lakini sikiza kilichofanyika. Siku ya tatu bila mjomba kuonekana barazani, wazee walimtuma mtoto aje aulizie. Siku ya nne wakaja wenyewe. Mjomba akakataa kutoka. Wazee wakahamisha baraza. Wallahi, walibeba dhumna lao na dele la kahawa wakaja kukaa chini ya dirisha lake kila baada ya alasiri, wakawa wabishana bei ya changu na nani kamfunga nani kwenye mpira, wala hawamuulizi kitu, wala jina lake hawalitaji. Dhumna pa, pa, pa juu ya mbao mpaka magharibi. Ilipita kama mwezi na siku kadhaa, jioni moja mkono ukatoka baina ya nondo za dirisha, kiganja juu, bila neno. Mzee mmoja akatia kahawa, akakiweka kikombe mkononi mwake, akarudi kwenye mchezo kama hapakutokea kitu.

Sisemi walimponya. Mjomba aliugua tena mara mbili kabla hajatutoka, na hakuna hata siku moja aliyopewa dawa ya ugonjwa wake, na hiyo mie naiona ni dhulma mpaka leo. Watu wakiniambia "zamani dipresheni haikuwako, haya ni mambo ya simu" huwa najua hawakuwahi kupeleka kikombe chumba cha nyuma. Ilikuwako, ila haikuwa na jina. Na ukipotea siku tatu, mtaa ulijua.

Halafu kebo ikaja

Juni 2009 kebo ya TEAMS kutoka Fujairah, kule Emirates, ilifika hapahapa Mombasa na Rais Kibaki akaja kuipokea. Kabla ya hapo intaneti ilikuwa ya setilaiti, waenda saiba, walipia dakika, picha moja yafunguka toka utosini kushuka chini polepole kama yateremshwa kwa kamba. Hofu ya wazazi wakati ule haikuwa dipresheni, hofu ilikuwa "wataharibika hawa". Intaneti ilikuwa mahali. Waenda, walipa, watoka, na ukishatoka umetoka.

Wenzetu Marekani walianza kuuliza mapema. Katikati ya miaka ya tisini Robert Kraut na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, walizipa familia 73 kompyuta na intaneti, watu 169 kwa jumla, wakawafuatilia mwaka mmoja miwili. Walipotoa matokeo mwaka 1998 yakawashtua watu: waliotumia sana walizidi kidogo upweke na dipresheni, na mazungumzo ya nyumbani yakapungua. Kelele zikapigwa dunia nzima. Halafu wakarudi kwa watu walewale, na mwaka 2002 wakasema yale madhara kwa sehemu kubwa yamepotea. Yaani ugomvi wetu wa leo, simu mbaya simu nzuri, una zaidi ya miaka ishirini na tano na wenyewe walioanzisha walishabadilisha kauli mara moja.

Mie hiyo habari naielewa hivi, na ni maoni yangu si ya profesa. Miaka ile ya mwanzo ukiingia mtandaoni jamaa zako hawako mle, wakaa na wageni huku wenyewe wako sebuleni. Baadaye jamaa wakaingia, ikawa afadhali. Sasa hivi tumezunguka tukarudi pale pale: grupu la ukoo lipo, la madrasa lipo, la waliosoma pamoja lipo, lakini saa nne za usiku hatuko huko, tuko kwenye video za watu tusiowajua, moja baada ya nyingine, mpaka simu yaanguka usoni. Ukiniuliza wewe ni mtu wa onlaini ama la, sitajibu kabla hujaniambia uko onlaini na nani.

Kubaki: kuna kitu kimoja ambacho baraza halikuweza

Jina. Mie jina la ugonjwa wangu sikupewa na mamangu wala na sheikh, nilipewa na dada mmoja wa Tanzania kwenye video, mwaka 2021, nikiwa nimelala na ndala miguuni kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuzivua. Yeye alikuwa asema "sonona". Mie nikadhani ni jina la samaki. Nikasikiza tu ili nijue ni samaki gani, akawa asema: usingizi kupotea ama kuzidi, chakula hakina ladha, kitu ulichokipenda hukitaki tena, wajilaumu kwa makosa hata si yako, na hali hii yakaa karibu kutwa nzima, karibu kila siku, wiki mbili na zaidi. Nikazima. Nikawasha tena. Nikaona yule dada anisema mie.

Shirika la Afya Duniani limekuwa likitaja zaidi ya watu milioni 280 wenye ugonjwa huu duniani, na wanawake wakizidi wanaume. Kwa mtu aliyeamini kuwa ni yeye peke yake aliyelaaniwa, namba hiyo si hesabu tu, ni kampani.

Na maneno haya yakisemwa onlaini yakaanza kuhamia mpaka sheria. Mwaka 2020 kikosi kazi kilichoongozwa na Dkt. Frank Njenga kiliiambia serikali iyatangaze magonjwa ya akili kuwa janga la kitaifa. 2022 sheria ya afya ya akili ikafanyiwa marekebisho. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kile kilichofanya kujaribu kujitoa uhai kuwa kosa la jinai la hadi miaka 2 jela, kinakwenda kinyume na katiba. Habari hiyo ilipoingia kwenye grupu letu la wanawake wa biashara, mmoja akaandika kwamba sasa watu watafanya wapendavyo. Kimya. Halafu mwingine, ambaye kwa miaka yote kazi yake ilikuwa ni kuposti bei ya madera tu, akaandika kwamba ndugu yake alifichwa chumbani siku mbili nzima bila kupelekwa hospitali kwa sababu walimuogopa polisi kuliko kifo. Hapakuwa na aliyemjibu kwa muda mrefu, lakini nilihesabu, watu kumi na saba walimtumia emoji ya mikono ya dua. Barazani angelisema wapi hilo?

Kuna hasara yake pia, neno limepanuka mpaka limeanza kupasuka. Siku hizi kijana akifeli mtihani ni dipresheni, akiachwa na mpenzi ni dipresheni, bando la data likiisha ni dipresheni. Huzuni ni huzuni jamani, huzuni ina sababu na ina siku ya kupungua. Ukiniletea ya jana, ntakwambia kanawe uso tule. Ukiniletea ya wiki ya tatu na huogi, hiyo ni habari nyingine.

Kubaki: lile neno "onlaini"

Sasa hapa ndipo nnapotaka nikae.

Mie mwaka ule niliugua karibu miezi mitatu na hakuna aliyejua. Si kwamba nilikuwa mbali na watu, nilikuwa na wateja zaidi ya mia tatu wanaoangalia stetasi zangu kila siku. Picha za kaimati nilikuwa nazo nyingi kwenye simu, za zamani, zimeng'ara shira, basi asubuhi naposti moja, naandika "oda ziko wazi warembo", narudi kuangalia ukuta kama mjomba. Oda zikija nasema leo zimeisha. Mamangu akiona niko onlaini anajua n'mzima. Dadangu wa Malindi akiona tiki mbili za bluu anajua nimesoma, nimesoma maana yake n'ko hai, n'ko hai maana yake hakuna haja ya kuja. Ile saa ya mwisho kuonekana ilikuwa yanidhamini mie kwa watu wote, kila siku, uongo mtupu.

Mjomba alipopotea barazani pengo lilionekana. Mie sikuwacha pengo. Nilijaza nafasi yangu kwa picha za kaimati za mwaka juzi.

Aliyenigundua ni mteja, mama mmoja wa Kisauni, si rafiki hata, alikuwa tu achukua kaimati za Ijumaa. Akanitumia voisi: "Mwanangu, mbona siku hizi waandika tu? Zamani ulikuwa ukinijibu kwa sauti, wanichekesha na ile 'karibu bi harusi wangu'. Sasa waandika 'sawa', 'asante', 'zimeisha'. Una nini?" Nikaandika "sina kitu mama, shughuli tu". Akajibu kwa voisi tena, fupi: "Nitumie kwa mdomo." Nikabonyeza ile maiki nikaachia. Nikabonyeza nikaachia. Ya tatu nikamtumia sekunde kumi na moja ambazo hazina neno hata moja, ni pumzi tu na feni yazunguka. Saa mbili baadaye tuktuk ikasimama nje.

Kwa hivyo nikisema kubaki onlaini kuna ubaya simaanishi zile habari za miale ya simu na macho. Ubaya ni kwamba waweza kuugua mbele ya watu mia tatu na wote wakaapa walikuona jana.

Kuzima: nilijaribu, siku ishirini na moja

Nilipoanza kupata nafuu nikasema sasa nazima kila kitu. Nikaweka simu kabatini chini ya leso.

Siku tatu za kwanza raha, siwezi kukataa. Nikalala. Nikasikia vitu: kunguru wa Mombasa na ugomvi wao wa alfajiri, muuza mbaazi, adhana kutoka misikiti minne inayopishana sekunde chache chache. Kichwa kikapungua kelele. Na hili si langu peke yangu, kuna utafiti mkubwa uliofanywa Marekani mwaka 2018 ambapo watu walilipwa wazime Facebook wiki nne. Walipata kama saa nzima ya ziada kila siku, wakakaa zaidi na familia, na wakajihisi vizuri kiasi. Kiasi, si sana. Na wakawa hawajui habari za nchi kama wenzao. Ukisoma matangazo ya watu wa "zima simu upone" utadhani ni mvuke wa karafuu, waupumua mara moja na mafua yameondoka. Nafuu ilikuwepo ila ndogo, na wale hawakuchaguliwa kwa kuwa wagonjwa wa dipresheni, walikuwa watumiaji wa kawaida wa Facebook.

Siku ya tisa ustadhi wangu wa madrasa, aliyenifundisha alifu mpaka juzuu amma, alifariki. Kwetu maiti hailali, wafa asubuhi wazikwa alasiri, na tangazo siku hizi halipitishwi nyumba kwa nyumba, lapitishwa kwa grupu. Mie nilijua siku ya tatu ya msiba, dukani, nikinunua chumvi. Nikasimama pale na chumvi yangu mkononi. Hiyo hasara hakuna utafiti utakaonihesabia.

Biashara nayo ikaenda zake, wateja kama thelathini hawakurudi, na biashara ikipungua kodi haipungui, na kodi ikikubana ile dipresheni uliyoikimbia yakusubiri mlangoni na mwenye nyumba.

Halafu kuna la hatari zaidi ambalo watu hawasemi. Ukiwa mzima na watu wako wapo, kuzima simu ni mapumziko. Ukiwa mgonjwa umejifungia ndani, kuzima simu ni kufunga mlango wa pili. Yule mama wa Kisauni angenipata wapi kama ningekuwa nimezima mwezi wa kwanza? Baraza halipo tena chini ya dirisha langu, mie naishi ghorofa ya tatu Majengo na jirani wa kulia simjui jina.

Njia ya katikati

Hii nitaipita haraka kwa sababu haina hadithi, lakini ndiyo iliyonifaa. Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwaka 2018, waliwachukua wanafunzi 143, kundi moja likaambiwa Facebook, Instagram na Snapchat ni dakika kumi kila moja kwa siku, lingine liendelee kama kawaida. Baada ya wiki tatu kundi la dakika kumi upweke ulipungua, na dipresheni ikapungua hasa kwa wale walioanza nayo ikiwa juu. Hawakuzima, walipunguza. Na kinachopunguzwa ni skroli, sio simu. Kupiga, kutuma voisi, grupu la ukoo, tangazo la msiba, hivyo wacha. Futa zile video zisizokwisha.

Na matibabu je, ya ana kwa ana ama ya simu?

Maana wengine kubaki onlaini kwao ni kupata mshauri nasaha wa simu, na hapo pia kuna kulinganisha.

Ya ana kwa ana kwanza yakutoa ndani, na hiyo peke yake ni nusu ya dawa, wavaa buibui wapanda matatu waona bahari ukipita Makupa. Mie zahanati ya kwanza nilikoenda sitaitaja, karani wa kaunta alipiga kelele "wa kichwa wakae benchi lile" na nikakaa benchi lile na watu wote wakaniangalia kichwa. Karibu nirudi nyumbani. Ya pili, hospitali ya serikali, nilimpata muuguzi akaniuliza maswali tisa kwa Kiswahili, kila moja kwa wiki mbili zilizopita: siku ngapi hukuwa na hamu ya kufanya kitu, siku ngapi umejiona huna thamani, nawe wajibu kutoka sifuri mpaka tatu. Jumla ya juu ni 27, kuanzia 10 wanakuangalia kwa makini zaidi. Mie nilipata 19. Nikaandikiwa dawa na nikapangiwa mazungumzo, na nikaambiwa wazi kwamba dawa hizi si panadol, zachukua wiki kadhaa kabla hujaona kitu, na usiziache ghafla kwa sababu umejihisi vizuri Jumanne moja. Hapa Mombasa wodi ya magonjwa ya akili iko Port Reitz, njia ya uwanja wa ndege, lakini kwa kuanza si lazima ufike huko, daktari wa kawaida aweza kukuanza.

Na sheikh? Wa kwangu ndiye aliyenisomea na akaniambia kameze dawa. Nilikwenda nikidhani atanikataza. Sioni ugomvi hapo, kombe linywe na kidonge kinywe, ugomvi ni yule anayekwambia uache kimoja, na mara nyingi huyo ndiye anayetaka pesa.

Ya simu uzuri wake hakuna benchi. Hakuna anayekuona. Ubaya wake ni nyumba zetu. Utazungumza wapi mambo ya ndani na mkwe yuko upande wa pili wa pazia? Mie mazungumzo yangu ya simu nilikwenda kuyafanyia bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, nakaa kwenye ukuta naangalia meli zaingia mlangoni, nimeshika muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu ili nikilia watu wadhani ni pilipili. Yule mshauri aliniuliza mara moja, "nasikia upepo, uko wapi?" Nikamwambia n'ko ofisini. Na bando likiisha katikati ya sentensi ambayo umechukua miezi kuitoa, hiyo pia ujue yatokea.

Kama huna hela ya kuanza popote, Msalaba Mwekundu wana laini ya 1199, ni bure.

Kwa hivyo nani azime na nani abaki

Kijana anayeskroli mpaka saa tisa za usiku, asubuhi hawezi kuamka, ajilinganisha na watu wa Dubai: punguza, futa video, simu ilale chumba kingine. Hapo wala sina shaka. Ila usizime laini, na mwambie mtu mmoja unachofanya.

Mama aliyejifungua, usizime kabisa. Arobaini nyumba yajaa, kila mtu ana uji wake wa kukuletea na kila mtu anakukanda. Siku ya arobaini na moja wote wameenda zao na wewe umebaki na mtoto anayelia na mume kazini, na hapo simu ndiyo baraza lako. Tafuta watatu wanne watakaokupigia, kwa sauti. Laiki za picha ya mtoto sizihesabu.

Kaka zetu ndio kazi ngumu. Mwanamume wa hapa hasemi "nina dipresheni", asema "nimeboeka" halafu aingia maskani na muguka wake, yale majani ya kutafuna kama miraa. Mei 2024 Gavana Nassir wa Mombasa alipiga marufuku muguka kaunti nzima, mahakama ikasimamisha, siasa ikaingia, na yule kijana yuko pale pale shavu limevimba. Kwake yeye kuzima data wala si swali, maskani yake ni ya ana kwa ana na bado hakuna anayemuuliza kitu. Kama ni kakako mpigie umwambie mtoke mkatembee. Usimtumie video ya mawaidha.

Mwenye kuuza kwa simu kama mie: usizime, maana njaa nayo ni ugonjwa. Ila usiposti picha za zamani. Siku huna nguvu usiposti kitu, wacha pengo lionekane.

Na kama fikira zimefika mahali pa kutotaka kuishi, hii ya kuzima na kubaki yote weka kando, si ya leo. Usikae peke yako, muite mtu aje alipo mwili wako, piga 1199 ama nendeni hospitali usiku huohuo.

Mie sasa hivi niko hivi: simu yalala jikoni baada ya isha, juu ya pipa la unga. Yule mama wa Kisauni namtumia voisi kila Alhamisi, hata kama sina la kusema, naye akinijibu husikika kuku wake nyuma. Oda nachukua mpaka saa kumi na mbili jioni. Ukinitafuta baada ya hapo, piga, usiandike.